Insha ya maelezo au ya ushawishi: ipi umpe mtoto kwanza kwenye mada ya kutisha?

Chukua picha ya gofu la nyumba: paa limebonyea, dirisha moja halina kioo, mlango unaning'inia kwa bawaba moja. Nusu ya watoto waambie waieleze nyumba hiyo kwa mtu asiyeiona. Nusu nyingine waambie waiuze. Dakika 20 zikipita utakuwa na kazi za aina mbili mkononi, na zinapoachana hasa ni kwenye hofu. Anayeeleza anataka msomaji asisimke mwili. Hofu ndiyo anayoitafuta. Anayeuza anaikuta hofu imeshamwingia msomaji kabla hajaandika neno, na hawezi kusonga mbele mpaka aiondoe au aigeuze iwe sababu ya kununua.

Mada moja, basi, inafundisha kazi mbili zinazovutana, na swali la mwalimu au mzazi mwenye vipindi vichache ni aanze na ipi. Mazoea ni kuwapa wadogo maelezo na wakubwa ushawishi. Umri una nafasi yake, lakini ukiutanguliza utamnyima mtoto wa miaka 8 anayependa kubishana kazi ambayo ingemfaa, na yule wa miaka 12 mwenye msamiati finyu utampa kazi atakayoijaza maneno matupu. Daftari lina habari zaidi kuliko cheti cha kuzaliwa.

## Kipimo cha dakika 10

Onyesha picha moja ya jengo lililoachwa, usiseme lolote kulihusu, kisha omba sentensi sita. Usiandike maneno ya msaada ubaoni. Ukisoma, pigia mstari aina mbili za maneno: nomino za vitu vinavyoonekana au kushikika (bawaba, kutu, kigae, vumbi, utando) na viunganishi vya sababu (kwa sababu, kwa kuwa, hivyo, ili).

Mwenye nomino zisizofika tano, aliyerudia kwamba nyumba ni "mbaya na ya kutisha sana", aanze na maelezo. Mwenye nomino za kutosha lakini sentensi zake zimesimama kila moja peke yake, hakuna inayotegemea nyingine, aende kwenye ushawishi, maana sehemu kubwa ya kile ambacho maelezo yangempa anacho tayari. Aliyekosa vyote viwili naye aanze na maelezo. Ushawishi usio na vitu halisi ndani yake huishia kuwa kelele: "Njooni, ni nzuri mno, hamtajuta!" Na mwenye vyote viwili apewe tangazo la kuuza gofu, ambalo limeelezwa huko chini; ndilo linalodai ufundi wa pande zote.

Kipimo hiki ni cha kupanga kazi, hakifai kutolewa alama. Mtoto akijua anahesabiwa nomino, atakuandikia orodha ya vitu vya ndani.

## Maelezo: hofu inajengwa kwa vitu vidogo

Uzuri wa maelezo ni kwamba hayamtaki mtoto awe na maoni. Anatakiwa kuona, kusikia na kuandika, na hata anayesitasita hupata aya moja ndani ya kipindi kimoja. Ugumu wake umejificha: mada ya kutisha humpa mtoto njia ya mkato. Anaandika "giza la kutisha", "sauti ya kuogofya", "zimwi baya lenye damu", na anaamini ameeleza. Amemtangazia msomaji hukumu bila kumletea ushahidi.

Kwa hiyo kwenye rasimu ya kwanza piga marufuku maneno haya: kutisha, kuogofya, ajabu, baya. Usiyafute kabisa kwenye lugha ya mtoto. Mwambie atayarudishiwa mwishoni, neno moja tu, aliweke atakapo. Wengi hugundua hawalihitaji.

Hatua ya pili ni kupunguza ukubwa wa mahali. "Msitu wenye giza" ni mpana mno kwa mtoto wa miaka 9, naye atakimbilia kuujaza wanyama. Mpe ngazi za kupanda darini, au chini ya kitanda, au sehemu ya ukuta yenye ufa. Mahali pakiwa padogo, macho hulazimika kutua kwenye kitu kimoja kimoja.

Kisha jedwali la milango ya fahamu: safu moja kwa kila mlango, na chini yake maneno ya mtoto. Walimu wengi hulijua, ila hulijaza kwa usawa, na hapo ndipo linapopoteza nguvu. Kwa mahali penye giza, weka mgawo huu: kuona 3, kusikia 5, kugusa 4, kunusa 2, kuonja 1. Sababu ni ya kimwili. Seli za jicho zinazofanya kazi kwenye mwanga hafifu hazitambui rangi, na jicho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri. Mtoto anayeandika "pazia la zambarau" ndani ya chumba kisicho na taa ameandika kitu ambacho mtu aliyesimama pale asingekiona. Mwambie hivyo, kisha umwache achague: alete mwanga (mshumaa, radi, mbalamwezi inayopenya kwenye ufa) au ahamie kwenye masikio na vidole. Vyovyote atakavyochagua, aya itaboreka.

Kwa upande wa kugusa, sanduku la kupapasa linafanya kazi kuliko picha yoyote. Sanduku la karatasi ngumu, tundu la kupitisha mkono, soksi iliyokatwa ncha imebandikwa kwenye tundu ili mtoto asichungulie. Ndani weka vitu vinne au vitano: sponji iliyoloa, kamba iliyochovywa majini na kukamuliwa, unyoya, kipande cha gome, jani kavu. Usiweke chakula chochote, kwa sababu ya mzio, wala kitu chenye ncha. Kila mtoto apapase kwa sekunde 20 na kuandika maneno mawili ya namna kitu kinavyohisika kabla ya kusema lolote. Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia. Mmoja akipaza sauti "ni sponji!", walio nyuma yake wataandika "sponji" badala ya "baridi, inabonyea, inatoa maji", kwa hiyo kanuni iwe kwamba jina la kitu halitajwi mpaka wote wamalize. La pili ni foleni. Watoto 30 kwenye sanduku moja watakula zaidi ya dakika 10. Tengeneza matatu.

Sasa sentensi zenyewe. Kasoro inayojitokeza kuliko zote kwenye maelezo ya watoto ni kugeuka hadithi, na Kiswahili kinakupa kipimo rahisi cha kuikamata: kiambishi -ka-. Tazama:

*Mlango ukafunguka. Zimwi likatoka. Tukakimbia.*

Hayo ni matukio yanayofuatana; hakuna mahali palipoelezwa. Linganisha na hii:

*Mlango umeegemea ukuta. Bawaba ya juu imekatika. Upepo ukivuma, ubao wa chini hukwaruza sakafu, kisha hutulia tuli.*

Hakuna kilichotokea, lakini msomaji ameanza kusubiri. Maelezo yanakaa vizuri kwenye -me- ya hali (umeinama, zimepasuka, kimeota ukungu), -ki- ya mambo yanayoandamana (ukivuma, zikilia) na hu- ya jambo la kujirudia. Mwambie mtoto azungushie duara kila -ka- aliyoiandika. Ikizidi moja kwenye aya, atafute ni wapi alianza kusimulia. Hiyo moja inayobaki iwekwe mwisho, kwa sababu kitendo kimoja baada ya utulivu mrefu ndicho kinacholeta taharuki.

Msamiati wa sauti nao usiachwe uwe "sauti" tu. Kuna mvumo wa upepo, mchakacho wa majani makavu, mkwaruzo wa kucha kwenye ubao, mtutumo wa ngurumo, mshindo wa kitu kilichoanguka. Watoto hufurahia sana tanakali na viigizi: kimya jii, giza totoro, mlango umefungwa ndi, nguo zimelowa chepechepe, kitu kimeanguka pu. Waonye mapema kwamba vikizidi kimoja kwenye aya vinachekesha. Hilo si baya kwenye tangazo, ila kwenye maelezo linavunja hofu yote iliyojengwa.

Tashbihi ziwe mbili kwa aya, na zitoke kwenye alichokigusa. "Baridi kama barafu" imechakaa, haimfanyi mtu ahisi chochote. Aliyepapasa sponji ataandika "ukuta unabonyea ukiuminya, kama sponji iliyosahaulika majini", na hapo ametoa kitu chake mwenyewe.

Mpangilio? Mbali kwenda karibu, au chini kwenda juu. Achague mmoja na asiuache katikati. Urefu: maneno 60 hadi 80 kwa miaka 7 na 8, 120 hadi 150 kwa miaka 9 hadi 11, na hakuna faida kubwa ya kuzidi 200 hata kwa wakubwa zaidi. Maelezo marefu ya mahali pamoja huchosha msomaji na mwandishi.

## Ushawishi: chagua miongoni mwa kazi tatu

Ukiamua ushawishi, bado una uamuzi mwingine, na ndio wenye uzito. "Andika insha ya kumshawishi mtu aingie kwenye nyumba ya mizimu" ni swali legelege: halina msikilizaji, halina jambo la kupoteza. Zifuatazo ni kazi tatu zinazofaa, na kila moja hufundisha kitu tofauti.

Tangazo la kuuza au kupangisha gofu. Mtoto anagawa ukurasa safu tatu: kasoro, mnunuzi ataogopa nini, naigeuzaje. Paa lina tundu, ataogopa mvua, "lala ukihesabu nyota". Kuna kizuka jikoni, ataogopa usiku, "hutakula peke yako tena". Kasoro tano zinatosha, achague tatu bora. Hii ndiyo kazi nyepesi kuingia, kwa sababu kicheko kinaishusha hofu na hata anayechukia kuandika hujikuta ameandika. Udhaifu wake ni kwamba mzaha unaweza kuwa maficho: mtoto anaruka kutoka utani hadi utani, hakuna hoja iliyojengwa. Dawa ni kudai sentensi moja ya sababu chini ya kila kivutio. "Lala ukihesabu nyota, kwa sababu chumba cha juu kinatazama anga bila taa yoyote ya karibu." Hapa pia ndipo pa kuzungumza juu ya kugeuza na kudanganya. Kusema tundu la paa linaonyesha nyota ni kugeuza. Kusema paa ni zima ni uongo, na mtoto anayeweza kutenganisha mambo haya mawili amejifunza kusoma matangazo, si kuyaandika tu.

Barua ya kizuka kwa wenye nyumba wapya. Kizuka anaomba asifukuzwe. Hii ndiyo kazi yenye mafunzo mengi kuliko zote tatu, na kama una nafasi ya kazi moja tu ya ushawishi kwa watoto wa miaka 9 hadi 11, toa hii. Sababu ni msemaji wake. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliweka nguzo tatu za kushawishi: kuaminika kwa msemaji, hisia za msikilizaji, na mantiki ya hoja. Kizuka anaanza akiwa hana nguzo ya kwanza kabisa. Hakuna anayemwamini. Mtoto hana budi kuijenga kabla ya kuomba chochote: "Najua mmesikia hatua zangu darini usiku, na samahani kwa kuwakatizia usingizi." Bila kufundishwa jina la hoja pinzani, ameshaijibu.

Mpe muundo wa aya nne. Aya ya kwanza ikubali hofu ya msomaji. Ya pili na ya tatu zitoe sababu, moja kila aya, kila sababu ikiwa ni faida ya *wenye nyumba*. Ya nne iweke ombi dogo, mahsusi: si "niacheni nikae milele", bali "nipeni dari tu, mpaka mwisho wa masika". Watoto hukosea hasa kwenye faida. Wataandika "nina upweke, nina baridi, nawaomba", na barua nzima inakuwa ya kumhurumia mwandishi. Huruma ina nafasi ya sentensi moja. Muulize: wao watapata nini? Kizuka anaweza kufukuza panya, kukesha akilinda, kukumbuka bomba la maji lilizikwa wapi. Hapo barua inaanza kufanya kazi.

Aliyepitia maelezo ana mtaji mwingine hapa. Akijua kwamba mbao husinyaa hewa inapopoa usiku na kutoa mlio, kizuka wake anaweza kujitetea kwa mantiki: "Milio ya saa saba usiku si yangu. Ni mbao za ngazi zinazosinyaa." Ukweli mmoja wa namna hiyo una nguvu kuliko sifa kumi.

Utetezi wa kiumbe anayeogopwa. Popo, buibui au bundi. Hapa hakuna mzimu; kuna ukweli unaoweza kuhakikiwa, na kwa hiyo kazi hii ni ya miaka 11 kwenda juu au ya watoto waliozoea kusoma habari. Usiwatume kutafuta wenyewe kwenye kipindi cha kwanza, maana watanakili aya nzima na muda utakwisha. Wape kadi yenye mambo matatu au manne, watumie matatu. Kadi ya popo, kwa mfano: kuna spishi zaidi ya 1,400, wanaokunywa damu ni spishi 3 tu, zote za Amerika, kuanzia Mexico kwenda kusini, spishi nyingi hula wadudu, wengine huchavusha maua na kusambaza mbegu. Kadi ya buibui: spishi zilizoelezwa kisayansi zimepita 50,000, karibu wote wana sumu, lakini wanaoweza kumdhuru binadamu vibaya ni wachache sana. Kadi ya bundi: macho yake hayazunguki ndani ya tundu zake, ndiyo maana anageuza shingo hadi nyuzi 270 hivi, manyoya ya ukingo wa bawa yana nyuzi laini zinazopunguza kelele anaporuka.

Ugumu unaokuja na ukweli ni kwamba ukweli hauko upande mmoja. Popo wanaweza kubeba virusi vya kichaa cha mbwa, na mtoto anayeandika "popo ni rafiki, mshike bila woga" ametoa ushauri wa hatari. Usimfiche jambo hili. Mwekee kwenye kadi kama jambo la tano. Atalazimika kuandika "tumwache aruke zake, tusimguse", na hilo ni dai lenye nguvu zaidi kwa sababu linamheshimu msomaji mwenye wasiwasi.

## Makosa ya ushawishi na namna ya kuyakamata

Kosa linaloonekana kila mahali ni sababu moja iliyovaa nguo tatu: nyumba ni tulivu, haina kelele, utapumzika. Ligundue kwa vipande vya karatasi. Kila sababu iandikwe kwenye kipande chake, vipande vigeuzwe, mwenzake avifunue na kuviweka mafungu. Vikiangukia fungu moja, hakuna sababu tatu. Vipande hivyo hivyo vinasaidia mpangilio: iliyo bora iende mwisho, ya pili kwa ubora ianze, dhaifu ikae katikati au itupwe.

Kosa jingine ni amri. "Nunua! Njoo! Usikose!" Amri moja mwishoni inatosha. Mahali pengine afundishwe kutumia -e ya pendekezo ("tumwachie dari") na -ki- ya sharti ("mkinifukuza, panya watarudi"). Mtoto aliyetumia -ki- kwenye maelezo kwa mambo yanayoandamana sasa anaiona ikifanya kazi ya pili, na ukiziweka sentensi mbili ubaoni bega kwa bega tofauti hujieleza.

Maswali ya balagha nayo huwa mengi: "Je, hutaki amani? Je, hupendi utulivu? Je, unaogopa nini?" Ya mwisho hapo ni ya hatari hasa, kwa sababu msomaji ana jibu. Swali la balagha liwe moja, na mwandishi ahakikishe jibu pekee linalowezekana linamsaidia yeye.

Kwa hoja legelege, mfanye mwenzake aulize "Kwa hiyo?" baada ya kila sababu. "Nyumba ina ngazi 40." Kwa hiyo? "Utakuwa na miguu yenye nguvu." Bora kidogo. "Na wageni msiowapenda watachoka kabla ya kufika juu." Hiyo ibaki.

## Bega kwa bega

| | Maelezo | Ushawishi |
|---|---|---|
| Hofu ni nini | Lengo | Kikwazo |
| Muda hadi rasimu ya kwanza | Kipindi 1 cha dakika 40 | Vipindi 2, cha kwanza cha kuzungumza tu |
| Vifaa | Picha, sanduku la kupapasa, sauti iliyorekodiwa | Karatasi za kukata, kadi za ukweli |
| Kazi ya mtu mmoja au kundi | Mmoja, baada ya kukusanya maneno pamoja | Wawili wawili, mmoja akipinga |
| Sarufi inayotawala | -me-, -ki-, hu-, nomino mahsusi | -e, -ki- ya sharti, viunganishi vya sababu |
| Inapoharibika | Inageuka hadithi au orodha ya vivumishi | Inageuka amri au ombi la huruma |
| Urefu unaofaa, miaka 9–11 | Maneno 120–150 | Maneno 150–200 |

Safu ya muda ndiyo inayopuuzwa zaidi. Ushawishi ukiandikwa bila kubishaniwa kwanza kwa mdomo hutoka mkavu. Dakika 15 za watoto wawili wawili, mmoja kizuka na mwingine mwenye nyumba, zinaokoa kipindi kizima cha kusahihisha. Kama una kipindi kimoja tu, na hakuna kingine kinachofuata, toa maelezo.

## Kiasi cha hofu

Zima baadhi ya taa, si zote. Watoto wanahitaji kuandika. Sauti iliyorekodiwa iwe ya sekunde 30 hadi 60, ichezwe mara mbili, kisha izimwe. Ikiendelea kipindi kizima inazoeleka na inavuruga kusoma. Kumshtua mtoto ghafla kunaharibu somo, maana mwili ulioshtuka hauandiki, unacheka au unalia, na dakika tano zinapotea.

Usitumie damu, maiti wala makaburi kwa watoto wa chini ya miaka 10, na usiyatumie kabisa kama kuna mtoto aliyefiwa karibuni. Majini, mizimu na uchawi yanahitaji busara nyingine: kwa familia nyingi hayo ni mambo ya imani, hayachezewi. Hapo utetezi wa kiumbe ndio unaofaa zaidi, kwa kuwa hauna lolote la ghaibu. Kwenye maelezo, gofu tupu lisilo na mkazi linatosha. Kwa kweli aya za gofu tupu mara nyingi huwa bora kuliko zenye zimwi, kwa sababu mtoto hana wa kumkimbilia.

Na kila mtoto awe na njia ya kutokea bila kuomba ruhusa. Weka picha ya pili mezani, ghala la zamani mchana kweupe, na useme tangu mwanzo kwamba yeyote anaweza kuichagua.

## Kusahihisha

Njia za kusahihisha zisifanane. Kwa maelezo, mpe msomaji mwingine karatasi tupu achore anachokisoma. Mlango alioukosa kwenye mchoro ni mlango ambao haukuandikwa. Sauti na harufu hazichoreki, kwa hiyo aziandike pembeni kwa neno moja moja. Pembeni pakibaki patupu, mwandishi amejua pa kurudi.

Kwa ushawishi, piga kura mara mbili: kabla ya barua kusomwa na baada ya kusomwa. Hesabu waliohama, usihesabu jumla. Barua iliyopata kura 20 kati ya 25 kwa sababu darasa lilikuwa linampenda kizuka tangu mwanzo haijafanya kazi kubwa kuliko iliyowahamisha sita waliokuwa wamekataa. Waliohama waulizwe sentensi gani iliwahamisha, na mwandishi aipigie mstari. Mara nyingi huwa sentensi ambayo hakuitegemea.

## Ukiwa na nafasi ya zote mbili

Kwa watoto wengi wa miaka 8 hadi 11, maelezo kwanza siku mbili, ushawishi siku tatu, jengo lile lile. Nomino walizokusanya zinahamia upande wa pili. Hatari ni kwamba watayabandika maelezo yao ndani ya tangazo kama yalivyo, na tangazo lenye "ukuta unaobonyea kama sponji" halimuuzii mtu chochote. Kabla hawajaanza, kila mmoja achukue vitu vitano kutoka kwenye aya yake na kuvigawa: kipi nakigeuza, kipi nakikubali waziwazi, kipi sikitaji. Kisichotajwa kisiwe kile kinachoweza kumuumiza mnunuzi. Ngazi iliyooza lazima itajwe.

Kwa wenye miaka 12 na zaidi ambao wana msamiati, geuza mpangilio. Waandike barua ya kizuka kwanza, kisha waambie wamiliki wapya wamekubali kuja kukagua dari usiku, na waandike aya ya kile watakachokikuta juu ya ngazi. Sasa maelezo yana kazi ya kufanya: kila kitu kilichomo darini kinathibitisha barua au kinaisuta, na mwandishi ndiye anayeamua kama kizuka alisema kweli.